Gari la Zamani Lilikuwa Chuma Kweli? Kuihakiki Filamu Inayotugombanisha

Kuna kauli moja ambayo ukikaa kijiweni popote kati ya Tegeta na Bagamoyo hutamaliza nusu saa bila kuisikia: "Magari ya siku hizi ni makopo tu. Gari lilikuwa la zamani, chuma kweli." Anayesema hivyo anagonga boneti ya Landrover 109 kwa kifundo cha kidole, halafu anaenda kubonyeza mlango wa Toyota IST kwa dole gumba. Mlango unabonyea kidogo. Hukumu imeshatoka, hakuna rufaa.

Upande wa pili wapo vijana wenye simu. Wao hawabishani kwa mdomo, wanafungua video. Magari mawili yanakuja uso kwa uso, moja la mwaka 1959, lingine la mwaka 2009. Yanakutana, vioo vinaruka, na dereva wa gari la zamani anaonekana amekwisha. "Umeona mzee?" Na hapo kesi inafungwa tena, safari hii kwa upande wao.

Leo nataka tuitazame hiyo filamu kwa utulivu, kama tunavyohakiki kitabu. Imethibitisha nini? Haijathibitisha nini? Na je, sisi tunaoendesha kwenye barabara ya Bagamoyo tunaweza kuitumia kuamua tununue gari gani? Maoni yangu nayasema mapema: filamu ni ya kweli na ni nzuri, ila pande zote mbili za kijiwe zinaisoma vibaya.

Filamu yenyewe

Ilitengenezwa na taasisi ya Marekani inayoitwa Insurance Institute for Highway Safety, inayogharimiwa na kampuni za bima za magari. Taasisi ilianzishwa mwaka 1959, kwa hiyo mwaka 2009 ilikuwa inatimiza miaka 50. Badala ya kukata keki tu, wakaamua kugonganisha miaka hiyo 50. Walichukua Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kampuni ile ile, magari yenye uzito unaokaribiana. Kila moja likakimbizwa kilomita 64 kwa saa, yakagongana nusu uso upande wa dereva. Huo mgongano wa nusu uso ndio unaofanana na ajali ya mtu aliyetanua vibaya akakutana na mwenzake.

Ndani ya kila gari walikaa masanamu yenye vipimo vya kusoma nguvu inayopiga kichwa, kifua na miguu. Kwenye Malibu, pua ilikunjika yote lakini chumba cha dereva kikabaki na umbo lake. Mfuko wa hewa ukafunguka, mkanda ukashika, na sanamu lilipata kipimo cha jeraha dogo la mguu. Kwenye Bel Air, nguzo ya mbele ya paa ilirudi nyuma, dashibodi ikaingia ndani, usukani ukasukumwa kumfuata dereva. Gari hilo halikuwa na mikanda wala mifuko ya hewa. Kwa vipimo vile, dereva wa kweli angekuwa na nafasi ndogo sana ya kupona.

Kama kazi ya kuelimisha umma, filamu hii nitaisifu bila kubania. Haina maneno mengi. Inatumia magari mawili ambayo mtu wa kawaida anayatambua kwa macho, inayapa spidi ile ile, halafu inakuacha utazame. Mwalimu wa fizikia angetumia vipindi vitatu na bado nusu ya darasa wangelala.

Mnazi wa mita 16

Tuweke hesabu kidogo, haiumi. Kilomita 64 kwa saa ni sawa na mita 17.8 kwa sekunde. Mtu akidondoka kutoka juu ya mnazi wenye urefu wa mita 16, anafika chini kwa spidi hiyo hiyo. Mkwezi yeyote wa Kaole atakwambia kwamba kinachoamua kama utasimulia ni kile ulichoangukia. Lundo la makuti linakupa nafasi, mwamba wa matumbawe haukupi. Spidi ni moja, tofauti ni umbali unaoutumia kusimama.

Kanuni yake: nguvu inayokupiga ni uzito wako mara spidi mraba, gawa kwa mara mbili ya umbali wa kusimama. Chukua mtu wa kilo 70. Akisimamishwa taratibu ndani ya sentimita 60, kwa sababu pua ya gari inakunjika na mkanda unamshika, wastani wa nguvu ni kama nyutoni 18,500. Ni kama kubebeshwa mzigo wa tani 1.9 kwa kufumba na kufumbua. Inauma, mbavu zinaweza kuvunjika, lakini watu wanapona. Sasa mtu huyo huyo hana mkanda. Gari linasimama, yeye anaendelea na safari mpaka akutane na usukani, anasimama ndani ya sentimita 10. Nguvu inakuwa karibu nyutoni 111,000, zaidi ya tani 11. Hapo hakuna kifua kinachohimili.

Na hapa ndipo vijana wenye simu wanapokosea. Maelezo yao ya kawaida ni haya: "Gari la zamani lilikuwa gumu mno, halikunjiki, kwa hiyo nguvu yote inakuja kwa dereva." Yanasikika kisayansi, ila rudi uitazame filamu. Je, Bel Air haikukunjika? Imekunjika vibaya sana! Tatizo lake ni mahali ilipokunjika. Imekunjikia chumbani, pale alipokaa mtu. Kwa hiyo mzee anayesema "chuma kweli" na kijana anayesema "gumu mno" wanaamini kitu kimoja, na filamu inawakatalia wote wawili.

Ukitaka mfano sahihi, tazama nazi. Nje kuna makumbi laini, ndani kuna kifuu kigumu. Nazi inaanguka kutoka juu, makumbi yanabonyea, kifuu hakipasuki, maji hayamwagiki. Gari la kisasa limetengenezwa hivyo: mbele na nyuma makumbi, katikati kifuu. Mtu wa kwanza kuiweka fikra hii kwenye hataza alikuwa Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Gari lililotengenezwa kwa mpango huo likaingia sokoni mwaka 1959. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo akaleta mkanda wa pointi tatu tunaoutumia mpaka leo, na Volvo wakaruhusu kampuni nyingine kuutumia bila malipo.

Umeiona hiyo tarehe? 1959, mwaka ule ule wa Bel Air. Yaani maarifa yalikuwepo tayari, kilichokosekana ni watengenezaji kuyaweka kwenye gari la mtu wa kawaida. Kwa hiyo tukisema "magari ya zamani" kana kwamba ni kabila moja, tunawaonea wahandisi wachache waliokuwa wameshaona mbali.

Waliobisha, na wana hoja gani

Filamu ilipotoka, wapenzi wa magari ya kale walikuja juu. Wengine walisema gari lilikuwa limeoza, maana wakati wa kugonga linaonekana wingu la vumbi la rangi ya kutu. Wengine wakadai lilikuwa halina injini. Taasisi ikajibu kwamba injini ilikuwepo, ya silinda sita, na lile wingu ni uchafu na kutu ya juu juu iliyojikusanya miaka 50, ila fremu ilikuwa nzima.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya fremu yenyewe. Magari hayo ya General Motors yalitumia fremu yenye umbo la herufi X, isiyo na mihimili imara pembeni. Ukiligonga gari la namna hiyo nusu uso, unaligonga penye udhaifu wake. Kwa hiyo ni haki kuuliza: je, wangechukua gari lingine la zamani, matokeo yangekuwa yale yale?

Swali zuri, na lina jibu linalotuhusu zaidi sisi. Mwaka 2017 shirika la ANCAP linalopima usalama wa magari huko Australia na New Zealand lilifanya jaribio la aina hiyo kwa Toyota Corolla mbili, ya 1998 na ya 2015. Nusu uso tena, kilomita 64 kwa saa tena. Corolla ya 2015 ilipata alama 12.93 kati ya 16. Ya 1998 ilipata 0.40. Sio nne, ni nukta nne! Hapa hakuna fremu ya X wala gari la maonyesho. Ni Corolla, gari ambalo matoleo yake ya miaka ya 1990 bado yanabeba watu na magunia ya mkaa kwenye vijia vyetu.

Binafsi naona jaribio hili la pili ni kazi bora kuliko la kwanza, hata kama halina mvuto wa sinema. La kwanza linalinganisha ulimwengu wa babu na ulimwengu wa mjukuu. La pili linalinganisha miaka 17 tu, ndani ya jina moja la gari. Pia waliongeza takwimu za barabarani: huko kwao magari yaliyotengenezwa mwaka 2000 au kabla yalikuwa asilimia 20 ya magari yote, lakini yalihusika katika asilimia 36 ya ajali zenye vifo. Hapo maabara na barabara zinasema neno moja. Ajabu ni kwamba video inayosambazwa ni ile ya Bel Air, gari ambalo wengi wetu hatutaligusa maisha yetu yote.

Kitu ambacho filamu haikuonyesha

Sasa tuje kwenye malalamiko yangu makubwa. Malibu ya kwenye filamu ilikuwa mpya. Corolla ya 2015 nayo ilikuwa nzima, haijawahi kugongwa, mifuko ya hewa iko mahali pake, kila bolti ni ya kiwandani. Je, hilo ndilo gari la kisasa tunalolijua hapa?

"Gari jipya" la Dar au Bagamoyo kwa kawaida ni gari lililoshaishi maisha yake ya kwanza Japani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kwenda nchi nyingine, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Toyota IST ya kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Yaani ile tunayoiita ya kisasa, nyingine imeshapita miaka 20. Ukiongeza maisha yake ya pili hapa, na ya tatu mikononi mwa mmiliki wa tatu, unapata kitu ambacho hakuna maabara iliyokigonga ukutani kupima.

Nitoe mifano mitatu ili isiwe lawama tupu.

Kwanza, bodi. Gari limekunjwa pua, linapelekwa kwa fundi bodi. Linavutwa, linapashwa moto kwa gesi, linanyooshwa, linapakwa puti, linapigwa rangi, linang'aa. Mteja anauliza, "Fundi, litaonekana?" Hakuna anayeuliza, "Fundi, litakunjika tena vizuri?" Kwa chuma cha kawaida cha zamani, moto haukuwa tatizo kubwa sana. Lakini magari mapya yana vyuma vya nguvu ya juu kwenye nguzo na mihimili. Chuma chenye boroni, kwa mfano, hupashwa mpaka karibu nyuzi 900, kikabanwa kwenye umbo na kupozwa ghafla. Kinafikia uimara wa megapaskali 1,500 hivi, mara tano ya chuma laini cha bodi. Ukikipasha tena kwa gesi na kukiacha kipoe chenyewe, unaufuta uimara ule. Kwa macho ni chuma kile kile, kwenye ajali ni kingine kabisa. Nazi yako imebaki na umbo la nazi, ila kifuu kimelainika.

Pili, mifuko ya hewa. Wengi mmesikia habari za Takata, kampuni ya Japani iliyotengenezea mifuko ya hewa kampuni nyingi za magari, zikiwemo Honda na Toyota. Baruti yake ilikuwa na amonia naitreti. Uchunguzi ulionyesha kwamba baruti hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto kali na unyevunyevu inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu walikufa, takriban mifuko milioni 100 duniani ikaitwa irudishwe kubadilishwa, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Sasa soma tena yale masharti: miaka mingi, joto kali, unyevunyevu. Si ndiyo pwani yetu hii, Januari mpaka Desemba? Kifaa kilichowekwa kumwokoa dereva kinategemea matunzo na taarifa. Gari likihama nchi, ile barua ya kuitwa kiwandani haihami nalo.

Tatu, mtu mwenyewe. Hesabu yetu ya sentimita 60 ilikuwa ya mtu aliyefunga mkanda. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda ndani ya gari la kisasa anarudi mwaka 1959 kwa hiari yake. Hata mfuko wa hewa umepangwa ufanye kazi pamoja na mkanda. Bila mkanda, mwili unaufuata mfuko ukiwa bado unafunguka.

Na kuna kitu cha nne ambacho kamera haikukitazama kabisa, nacho ni nje ya gari. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023, watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao hawana chumba cha kubaki na umbo lake. Kwa mama anayevuka pale Mapinga na ndoo kichwani, swali sio gari lako ni la mwaka gani. Swali ni ulikuwa unakwenda spidi ngapi, breki zako zinashika vipi, na kama umefunga mavyuma mbele ya bampa. Filamu inayotufundisha kujali chumba cha dereva peke yake imetufundisha nusu ya somo.

Tuwatendee haki wazee: kutu, petroli na spana

Nisije nikaonekana nimewaonea wazee wa 109. Kulinganisha gari kwa ajali peke yake ni kama kulinganisha jahazi na boti kwa kuangalia lipi linazama taratibu. Kuna mambo mengine, na kwenye mengine mzee ana pointi.

Ila tuanze na lile neno "chuma". Landrover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, chesisi ndiyo ikawa ya chuma. Ndiyo maana mlango wake hauozi kwa kutu ile nyekundu tunayoijua. Kumbe ile boneti inayogongwa kijiweni kama ushahidi wa "chuma kweli" sio chuma!

Hewa ya Bagamoyo ina chumvi, ndiyo maana mtu anavuna chumvi huku. Alumini ikigusana na chuma, katikati yao pakaingia unyevu wenye chumvi, unakuwa umetengeneza betri ndogo. Alumini inaliwa kwanza. Ukifungua bolti kwenye Landrover iliyokaa pwani utakuta unga mweupe kuzunguka tundu, hiyo ndiyo alumini inayoondoka. Chesisi nayo, kwa kuwa ni boksi lenye uwazi ndani, huoza kwa ndani kwenda nje. Siku unapoiona kutu kwa macho, kazi imeshakaribia kwisha.

Gari la kisasa lina bati jembamba zaidi, ni kweli. Lakini bati hilo mara nyingi limepakwa zinki, na bodi nzima imezamishwa kwenye rangi ya umeme inayoingia mpaka kwenye mikunjo. Zinki inaliwa badala ya chuma, inajitoa mhanga. Hiyo ndiyo sababu bati jembamba linaweza kulishinda nene kwenye hewa ya chumvi, mradi halijakwanguliwa na kupakwa puti. Angalizo: ukinunua gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chungulia uvunguni kabla hujasifia rangi.

Kwenye petroli hakuna ubishi. Injini ya petroli ya Landrover ya matoleo ya 109 yaliyozoeleka ina ujazo wa cc 2,286 na inatoa nguvu za farasi kama 70. IST ndogo ina cc 1,298 na inatoa kama 87. Kwa kila lita ya ujazo, ya kisasa inatoa zaidi ya mara mbili. Kabureta inachanganya petroli na hewa kwa kukadiria, wakati mfumo wa sindano za kielektroniki unapima hewa, unasoma moshi, unajirekebisha mara nyingi kwa sekunde ukitafuta uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Uwiano huo ndio unaoyawezesha masega ya kwenye ekzosi kusafisha moshi. Ukiyatoa masega ukauza, umelirudisha gari lako kwenye moshi wa zamani, ingawa limebaki na bei ya kisasa.

Mzee anashinda kwenye spana. Gari la kabureta likizima katikati ya Kiromo na Zinga, fundi mwenye masikio mazuri, bisibisi na kipande cha msasa anaweza kuliamsha. Mkoani kwetu Pwani, pale Kibaha, kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu kilitengeneza lori lake lenyewe enzi hizo. Hiyo ilikuwa ndoto iliyowezekana kwa sababu gari la wakati ule lilikuwa kitu ambacho karakana yenye tanuri na mashine za kukereza iliweza kukielewa chote. Gari la leo huwezi kukereza kompyuta yake.

Hata hivyo, ule usemi wa "magari ya kompyuta hayatengenezeki" nao nauwekea alama ya kuuliza. Mashine ya kusomea hitilafu sio mganga, inasema dalili tu. Mfano, namba P0171 inamaanisha injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sababu inaweza kuwa bomba la hewa limepasuka, sensa ya hewa ina uchafu, au pampu ya petroli imechoka. Fundi anayebadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa pesa yako anasoma namba kama anavyosoma ramli. Anayefuata mantiki, anaanza na bomba la bei ya chini. Kwa maana hiyo ufundi wa zamani haujafa. Kusikiliza, kubahatisha kwa akili, kujaribu jambo moja kwa wakati, vyote bado vinahitajika. Kinachokosekana ni mafunzo.

Hukumu

Je, gari la kisasa ni bora kuliko la zamani? Kama swali ni kupona ajali, jibu ni ndiyo, kwa mbali, na filamu ya 2009 pamoja na jaribio la 2017 vimelithibitisha. Anayekataa anapingana na vipimo. Lakini filamu inalinganisha miaka ya kuzaliwa, na sisi tunanunua hali. Gari la 2009 lililovutwa kwa gesi, lenye mfuko wa hewa uliokwisha muda na abiria wasiofunga mikanda, limebaki na umri wa kisasa tu.

Hata sera zetu zina tabia hiyo ya kuangalia umri. Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania tunalipokea, ila ushuru wa uchakavu unaongezeka. Umri ni kipimo rahisi kusoma kwenye karatasi, na sio kibaya. Ila karatasi haioni puti.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fanya mambo manne yasiyohitaji maabara. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi: inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka kuna tatizo, na isipowaka kabisa kuna mtu ameificha. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani uone kama kuna kifaa kilichoitwa kirudishwe. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu vuta mkanda wa kila kiti, hasa wa nyuma, uone kama unavutika, unarudi na unafunga.

Na kama unapenda magari ya kale, yapende, hakuna dhambi. Nenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, utaona Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni kisha ikamhudumia Mwalimu Nyerere. Ni gari zuri kulitazama, na limekaa mahali salama kabisa kwa gari la umri wake: limeegeshwa. Ukiwa na 109 yako nyumbani, itoe Jumapili, nenda nayo taratibu mpaka ufukweni, iogeshe maji baridi uvunguni ukirudi kuondoa chumvi. Ila watoto wakienda shule asubuhi kwa barabara kuu, kilomita 80 kwa saa, wapakie kwenye lile lenye mikanda inayofunga. Kwa spidi hiyo mnazi wetu umeshafika mita 25.